Ulimi wa Mzee Mbugua

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nyinyi vijana wa kikundi cha kuku mlinizuia mlangoni mwa kanisa mkaniuliza swali. Mlikuwa mmechinja broila wenu wa kwanza, mkamuuzia yule mama wa hoteli hapa mtaani Section 58, naye akawarudishia sufuria nzima akisema ati wateja wamekataa, nyama inanuka. Mkaniuliza shida ni nini, na kuku walikuwa wanono, hata mmoja hakuwa mgonjwa. Nikawauliza mlikuwa mnawalisha nini wiki ya mwisho. Mkasema fidi ya kujichanganyia: mahindi, pumba, na omena nyingi, hizo dagaa za ziwani, ndio wanenepe haraka. Nikanyamaza. Mkadhani mzee amesahau jibu, mkaanza kuangaliana mkicheka. Sikuwa nimesahau. Jibu ninalo, lakini liko pamoja na jina la mtu, na hilo jina sijalitaja mbele ya watu tangu kabla wazazi wenu wazaliwe.

Kwa hivyo nimewaandikia. Mtavumilia mwandiko, vidole vyangu vimejikunja kwa miaka ya kunyonyoa kuku. Anayependa kuruka kurasa aruke mambo yangu mimi, asiruke mambo ya chakula.

Kuku hana siri. Chochote ulichompa kitatokea kwenye sahani. Ukimlisha mahindi ya njano, mafuta yake yatakuwa ya njano na laini, unayagusa tu yanayeyuka kwenye kidole. Ukimlisha ngano au shayiri, mafuta yanakuwa meupe na yanashikana, na ngozi inatakata. Wazungu wa wakati wa ukoloni walitaka nyama nyeupe. Sisi watu wa Bunyala, kule magharibi kando ya ziwa, tunapenda ya njano, maana mchuzi wake unang'aa hata kabla ya kuungwa, lakini hakuna aliyetuuliza. Mahindi yaliyoshika ukungu yanaingia kwenye nyama na hayatoki, hata uweke vitunguu gunia zima. Mahindi ambayo hayajakauka vizuri yanamwendesha tumbo na anakonda ukimwona. Kuku wa kujitafutia nje ana ladha kweli, ila utamtafuna mpaka taya iombe likizo. Na hao wenu wa wiki sita, mniwie radhi, kuku wa wiki sita hajaishi. Ladha ataitoa wapi?

Hayo yote sikuyajua nilipofika Dundori, kwenye mashamba ya Wazungu juu ya Nakuru. Nilidhani nayajua, na hiyo ni mbaya kuliko kutojua.

Nilipanda kule juu nikiwa na miaka ishirini na mbili, na mke, na blanketi moja. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, alikuwa mpagazi wa mizigo stesheni ya Nakuru, naye ndiye aliyesikia kwamba kuna Mzungu Dundori anatafuta mtu wa kuku. Bwana mwenyewe alikuwa na ng'ombe wa maziwa na maua ya pareto. Kuku walikuwa wa memsahib, mke wake, na bwana hakuthubutu hata kuuliza wako wangapi. Memsahib alifuga jogoo wachanga wa nyama, akawapeleka mjini wakiwa wamechinjwa, wamenyonyolewa na kufungwa kwa karatasi nyeupe, kwa ajili ya meza za Wazungu wenzake.

Mkubwa wa kuku alikuwa Mzee Mbugua. Namwita mzee kwa heshima, maana alikuwa hajafika hamsini. Alikuwa Mkikuyu mwembamba, mrefu, mwenye koti kuukuu la jeshi na kichupa cha ugoro mfukoni. Baba yake alikuja kwenye shamba hilo kabla memsahib hajaolewa, na Mbugua alizaliwa palepale, kwenye nyumba za wafanyakazi chini ya miti ya mikaratusi. Hakujua kwingine. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia juu mpaka chini akauliza natoka wapi. Nikasema Bunyala. Akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Akasema memsahib sasa ameamua kumweka fisi achunge mbuzi, kwa sababu watu wa magharibi kwa kula kuku wanajulikana. Yeye mwenyewe hakuwa mlaji wa kuku, kwao wazee wa zamani hawakuwa wanamla, na alisema hiyo ndiyo sababu amepewa ufunguo wa ghala. Kuku alikuwa anaonja tu, kwa kazi.

Hiyo kazi ya kuonja ndiyo nataka muisikie vizuri. Kabla ya kundi lolote kwenda mjini, Mzee Mbugua alichagua kuku mmoja wa kati, si mnono kupita wengine, si mwembamba. Alimchinja, akamchemsha kwa maji matupu. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu. Alisema chumvi inamfichia mpishi aibu, na yeye hakuja kuficha. Pua yake ilikuwa imekufa zamani kwa ugoro, lakini ulimi, haki ya nani, sijaona mwingine. Alikunywa kijiko kimoja cha supu akatulia. Akala kipande cha paja akatulia tena. Kisha akasema. Siku moja alisema hawa wamekula mahindi ya gunia lililoguswa na maji. Tulipoenda ghalani tukainua magunia yote, la chini kabisa likapatikana limelowa upande mmoja, mahali paa lilikuwa linavuja. Memsahib alikuwa hasaini kuku watoke mpaka amuulize, "Mbugua, wewe naonja?" Naye akijibu iko sawa, basi iko sawa.

Baada ya kuonja, mimi ndiye nilikula. Na kila mara alinitolea firigisi kwanza, akaniwekea kando kwenye jani. Alikuwa amesikia kwamba kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na akasema kijana aliye mbali na kwao anahitaji mtu wa kumkumbusha kwamba ana nyumba. Mke wake, Mama Nduta, alimfundisha mke wangu kuwasha moto kwa kuni mbichi za kule baridi, na kila wiki alituletea viazi kwenye kikapu. Hivyo ndivyo tuliishi.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Mara ya kwanza kuachiwa kuku wa kuchinja, niliwahurumia nikawapa mahindi asubuhi ileile ya kufa. Mtu hafi na njaa, si ndiyo? Tulipowachinja, koo zilikuwa zimejaa kama mifuko ya soko, na kufikia wakati wa kuwafunga, nyama ya kifuani ilikuwa imeanza kugeuka kijani. Kumbukeni: siku nzima kabla ya kuchinja ni maji tu. Mara nyingine nilichoka kusaga shayiri kwa kile kinu cha mkono, nikawamiminia kundi zima mahindi ya njano wiki mbili za mwisho. Kuku wa kwanza aliponyonyolewa mbele ya memsahib, akauliza kama nimewapaka siagi. Mzee Mbugua alisema kosa ni lake, hakunielekeza vizuri. Tulipobaki wawili akanipiga kofi la kisogoni, si la nguvu, akanirudisha kwenye kinu.

Njia yake ya kumalizia kuku ilikuwa hivi. Wiki mbili za mwisho aliwaondoa nje akawaweka kwenye vizimba, kuku wanne wanne, mahali penye giza kidogo ndio wasikimbie. Aliwapa uji wa shayiri iliyosagwa, umekorogwa na maziwa yaliyobaki baada ya krimu kutolewa. Krimu ilikuwa inakwenda kiwandani, na hayo maziwa mepesi yangemwagiwa nguruwe. Maziwa hayo yakichacha kidogo ni mazuri zaidi. Nyama inakuwa nyeupe, inakatika kwa uma. Asubuhi na jioni, hakuna kitu kingine. Hakuna kitu kingine kabisa.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Ilikuja Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na Wakikuyu walioingia msituni. Nyinyi mmesoma shuleni habari za msituni na mashujaa. Sisi pale shambani tuliona malori. Wakikuyu waliokuwa kwenye mashamba ya Wazungu walianza kutolewa nyumba kwa nyumba, wakapakiwa na masufuria yao, wakapelekwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa, wengine mahali ambapo hawakuwa na hata shangazi. Kwa jirani zetu walibebwa wote kwa siku moja. Kwetu wakabebwa wa pareto, kisha wa ng'ombe. Akabaki Mzee Mbugua peke yake na mke na watoto. Bwana alitaka naye aende. Memsahib akakataa. Aliwaambia maofisa kwamba bila Mbugua hana kuku, na kwamba yeye ndiye mdhamini wake. Kila mtu shambani alijua hilo. Nyumba ya Mbugua, shamba lake dogo la viazi, mbuzi wake watatu, kaburi la baba yake, vyote vilikuwa vimeshikiliwa na ladha ya kuku. Siku kuku atakapokwenda mjini na kasoro, mdhamini ataondoa mkono.

Mimi nilijua hivyo kama nilivyojua jina langu. Nasema hivi msije mkanitetea.

Mwaka huo baridi ilikuwa mbaya, ugonjwa ukapita kwenye mabanda, na waliopona wakabaki mifupa. Krismasi ilikuwa inakaribia, na hoteli moja ya Wazungu mjini ilikuwa imeagiza kuku wengi kuliko wakati wowote. Mzee Mbugua alianza kukosa usingizi. Kila asubuhi alipapasa vifua vya kuku, akasema bado, bado. Nikamwonea huruma, hiyo ni kweli. Lakini nilitaka pia kuonyesha kwamba na mimi najua kitu. Kwetu ziwani kuku anayelala njaa hamalizi wiki amekonda, kwa sababu tunawatupia vichwa vya samaki na omena zilizovunjika. Nikashuka mjini kwa shemeji. Pale stesheni omena zilikuwa zinakuja kwa treni kutoka Kisumu kwa ajili ya watu wa reli, na yeye alikuwa na nusu gunia la vumbi na vipande ambavyo hakuna aliyevitaka. Nikalibeba nikalificha nyuma ya madebe ya mafuta ya taa.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu Mzee Mbugua alikuwa hataki hata kusikia habari za samaki. Kwao hawakuwa wanakula. Mimi nilikuwa namtania kwamba ipo siku nitamletea ngege mzima, naye alikuwa anajibu kwamba hawezi kula kitu kisichofunga macho kikilala. Nikajiambia, kuku ndio watakula, si yeye. Kila asubuhi alipokwenda kwenye banda la ng'ombe kuchukua maziwa, mimi nilitwanga omena zikawa unga, nikakoroga kwenye uji wa shayiri, na maziwa yaliyochacha ya jana yakafunika harufu. Akirudi, vyombo vimeshalambwa.

Kuku walinenepa bwana! Siku ya nane vifua vilikuwa vimejaa. Siku ya kumi na mbili mzee alipapasa mmoja, akanigeukia akanishika mkono kama mtu anayesalimia mgeni. Akasema nimekuwa mtu wa kuku sasa, na kwamba akifa leo memsahib hatapata taabu. Nilifurahi sana. Ningeweza kumwambia hapo. Hapo hapo tungewarudisha kwenye shayiri tupu wiki tatu, ladha ingetoka, tungechelewa na Krismasi ingepita, memsahib angefoka, basi. Vijana, omena si sumu, na hata mimi nilimlisha kuku omena miaka mingi baadaye. Mpe akiwa mdogo, anajenga mifupa. Lakini wiki tatu kabla ya kisu, iondoe yote, mpe nafaka. Hilo ndilo jibu la swali lenu la kanisani. Fupi tu.

Ikafika siku ya kuonja. Akachemsha kuku kwa maji matupu, kama kawaida, mbele ya banda, tukiwa mimi na yeye. Akanitolea firigisi akaiweka kwenye jani. Akanywa supu. Akatulia. Akanywa tena, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Hii kuku iko na kitu," akasema.

Nikamuuliza kitu gani.

"Sijui. Sijawahi kuionja kwa maisha yangu. Onja wewe."

Nikaonja. Jamani, nilionja nyumbani. Nilionja jikoni kwa mama yangu, kando ya ziwa, nikajua palepale kwamba hakuna Mzungu atakayemeza hiyo nyama. Mzee Mbugua alikuwa ananitazama akingoja. Alikuwa hanishuku. Alikuwa ameniuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake mwenye macho mazuri zaidi kama lile kule mbali ni gari au ni ng'ombe.

Nikamwambia, "Ni ile shayiri mpya, mzee. Ile iliyokuja juzi."

Akalamba midomo. Akasema labda. Akasema uzee unakuja, na ulimi pia unazeeka. Kisha akaenda kwa memsahib, nikamsikia kwa masikio yangu akisema iko sawa.

Kuku wakaenda. Siku ya pili ya Krismasi likaja gari na Wazungu watatu, mmoja wao ofisa wa polisi. Wageni hotelini walikuwa wametema nyama mezani. Siku zile Mzungu alikuwa akilala na bastola chini ya mto na anamwogopa hata mpishi wake wa miaka kumi, kwa hivyo hakuna aliyekaa kutafuta ile ni ladha ya nini. Walisema imetiwa kitu. Kuku wote waliobaki hotelini walikuwa wameshachomwa moto, hakubaki hata mmoja wa kuonjwa mara ya pili. Memsahib alisimama katikati yao, uso umekuwa mwekundu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa anaogopa.

"Mbugua, wewe natia nini ndani ya chakula?"

"Shayiri na maziwa, memsahib. Ni ile ile."

"Wewe naonja?"

Mzee angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kijana wangu ndiye aliyekuwa anakoroga. Alinyoosha koti lake.

"Mimi nilionja. Mimi nilisema iko sawa."

Yule ofisa akanigeukia. Memsahib akaniuliza na mimi je. Nikasema, "Mimi nafuata neno la mzee."

Hayo maneno nimeyapima mara nyingi maishani. Ukiyasikiliza juu juu, hakuna hata moja la uongo. Na Mzee Mbugua, aliposikia, alinitikisia kichwa kidogo, akaona kijana amejibu kwa adabu.

Lori lilikuja asubuhi ya kesho yake. Yeye walimtia pingu, ataulizwa kwanza kule mjini, na familia itakwenda rizavu. Mama Nduta alikuwa anatupa vitu juu ya lori, sufuria, blanketi, mtoto, sufuria nyingine, na wakati wote alikuwa anamuuliza mume wake jambo moja kwa Kikuyu, tena na tena. Mimi Kikuyu nilikisikia kidogo. Alikuwa anauliza, "Ulionja nini? Wewe, ulionja nini?" Mzee alikuwa anaangalia mabanda ya kuku. Mke wangu alisimama mlangoni kwetu akilia, hakujua kitu. Mimi nilibeba jiko lao mpaka kwenye lori. Ndiyo, nilisaidia kupakia.

Mwezi uliofuata memsahib alinifanya mkubwa wa kuku, akanipa na nyumba ya Mbugua kwa sababu ilikuwa karibu na mabanda. Niliishi humo miaka saba. Nilikuwa mtu wa kuku hodari, mniamini. Hakuna kundi lililorudishwa tena. Nilionja mwenyewe, kwa maji matupu, na kila nilipoweka supu mdomoni nilimsikia akisema hii kuku iko na kitu. Watu walidhani natulia kwa sababu ya utaalamu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilipanda cheo njiani.

Uhuru ukaja, memsahib akauza, shamba likakatwa vipande, watu wakapewa. Mimi nikashuka mjini nikaajiriwa kwenye kinu cha kusaga chakula cha mifugo. Siku moja mteja mmoja wa kutoka Dundori akaniambia Mbugua amerudi, kwamba alifungwa miaka, akatoka, na sasa yeye na mkewe wamepata ekari chache upande wa juu, wanalima viazi. Nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi mvua ikanyesha. Mwezi mwingine mtoto akaugua. Nyinyi mnajua jinsi mtu anavyojipa sababu. Ulipita mwaka na miezi, na ni safari ya saa mbili kwa baiskeli.

Nilipokwenda hatimaye nilimkuta amekaa mlangoni anachagua mbegu za viazi. Alikuwa amekonda zaidi, meno ya mbele hayapo. Alinitambua mara moja, akasimama, akaniita kijana wake, akaniuliza habari za mke wangu. Nikaangalia kila upande wa boma. Hakuna kuku. Hata mmoja, na kila nyumba ya Dundori ina kuku. Nikauliza, kwa mzaha wa uoga, vipi mtu kama yeye anakosa hata jogoo wa kumwamsha.

"Mimi na kuku tuliachana," akasema. "Ulimi wangu ulikufa, Wandera. Ulikufa siku ile tukiwa na wewe. Nilionja nikasema iko sawa, na haikuwa sawa. Mtu kama huyo atafuga nini?"

Hapo nikamwambia. Nilianza na gunia la stesheni nikamaliza na lori. Sikuruka hata yale maneno kuhusu shayiri mpya. Yeye alikuwa na kiazi mkononi, hakukiweka chini.

"Samaki?" akauliza.

"Samaki, mzee. Zile ndogo."

Niliona mdomo wake ukienda taratibu, umefungwa, kama mtu anayetafuta kitu kati ya meno.

"Kwa hivyo ulimi ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima."

"Nilisema kuna kitu."

"Ulisema, mzee."

Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Nilidhani labda atalia, au atasema yamepita, tuombe. Mimi ni mtu wa kanisa, nilikuwa nimejiandaa kwa maombi. Akakiweka kile kiazi na vile vya mbegu, polepole, upande wake.

"Mama Nduta aliniuliza hilo swali kule rizavu kila siku tulipokuwa pamoja," akasema. "Tukilala njaa, ananiuliza. Mtoto wa mwisho alipotuacha, akaniuliza. Wewe, ulionja nini? Sikuwa na jibu la kumpa. Amekufa mwezi wa nne huu, akijua ni mimi niliyewatoa watoto wake nyumbani."

Nikahesabu miezi. Mwezi wa nne nilikuwa mjini, mzima wa afya, na baiskeli yangu imeegemea ukuta.

"Mimi umeniambia," akasema Mzee Mbugua, akanyoosha kidevu kuelekea mwisho wa viazi, mahali udongo ulikuwa umeinuka na bado haujaota majani. "Sasa enda umwambie yeye."

Nilikwenda. Nikavua kofia nikasimama pale. Nilifungua mdomo mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Mzee alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na alingoja muda mrefu sana, kisha akaingia ndani akafunga mlango.